Whymper: Mkwezi aliyeandika kila mara aliposhindwa

WAKWEZI wengi wa milima hukumbukwa kwa vilele walivyovifikia. Edward Whymper, Mwingereza aliyeongoza msafara wa kwanza kufika juu ya mlima Matterhorn, anastahili kukumbukwa pia kwa safari alizorejea mikono mitupu, kwa kuwa alizihesabu na kuziandika moja baada ya nyingine bila kuficha hata moja.

Katika kitabu chake kuhusu ukwezi wa milima ya Alps, kilichochapishwa mwaka 1871, aliweka jedwali la majaribio ya kuukwea mlima huo kabla haujashindwa na binadamu. Kila mstari ulionyesha tarehe, majina ya waliokwenda, upande waliopitia, mahali pa juu kabisa walipofika na jambo lililowarudisha. Jina lake mwenyewe linajitokeza humo tena na tena.

Kwa hesabu hiyo, Whymper aliukabili mlima huo mara tisa kati ya mwaka 1861 na 1865. Alifika kileleni mara moja tu, sawa na asilimia 11. Na katika mara hiyo moja, watu wanne kati ya saba walioandamana hawakurudi nyumbani.

Mwana wa mchongaji

Whymper alizaliwa jijini London mnamo Aprili 27, 1840, akiwa mtoto wa pili katika familia ya watoto 11. Baba yake, Josiah, alikuwa mchongaji wa picha katika vipande vya mbao, kazi iliyokuwa na soko kubwa enzi hizo kwa sababu vitabu na magazeti yalichapishwa kwa kutumia picha za aina hiyo. Edward aliingizwa katika kazi hiyo angali kijana mdogo, na tangu utineja wake alikuwa na mazoea ya kuandika kumbukumbu za kila siku.

Kazi ya uchongaji ilimfunza subira na umakini. Kisu kikiteleza mara moja tu, kipande kizima cha mbao huharibika. Tabia hiyo ya kuangalia kila kitu kwa jicho la fundi ndiyo aliyokwenda nayo milimani.

Mwaka 1860, mchapishaji William Longman alimtuma Alps akachore picha za vilele. Whymper alikuwa na umri wa miaka 20 na hakuwa amewahi kuona mlima wa aina hiyo. Alikwenda kama mchoraji wa kuajiriwa, akarudi akiwa na kiu ya kukwea.

Kwa msomaji wa Kenya, Matterhorn si mlima wa kutisha kwa urefu. Una mita 4,478, ilhali Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho watu wengi hukifikia kwa miguu bila kutumia kamba, kina mita 4,985. Kinachoutofautisha Matterhorn ni umbo lake. Mlima huo ulio mpakani mwa Uswisi na Italia umesimama peke yake mithili ya pembe, na pande zake ni kuta za mawe na barafu.

Wakati huo vilele vingi vikubwa vya Alps vilikuwa tayari vimekwewa. Matterhorn ulikuwa umesalia. Miongoni mwa wenyeji wa mabonde ya karibu kulikuwa na imani kwamba juu yake kulikuwa na magofu ya mji wa kale na makao ya mizimu, na waelekezi wengi hodari hawakutaka hata kuutajiwa.

Hesabu ya kushindwa

Jaribio la kwanza la Whymper lilikuwa mwishoni mwa Agosti, 1861, kutokea kijiji cha Breuil upande wa Italia. Mwelekezi aliyemwajiri alikataa kuendelea walipofika mahali penye ufa mkubwa katika mwamba. Siku hizohizo, mwindaji mmoja wa huko aitwaye Jean-Antoine Carrel alikuwa amepanda juu zaidi. Carrel, aliyewahi kuwa mwanajeshi, aliamini kwamba mlima huo ulikuwa haki ya wana wa bonde lake. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa wenzi na washindani kwa wakati mmoja.

Mwaka uliofuata Whymper alirudi na kujaribu mara tano katika muda usiotimia wiki tatu. Mara ya kwanza upepo mkali uliwafukuza. Mara ya pili mmoja wao aliugua njiani. Mara ya tatu, Julai 18 na 19, alikwenda peke yake na kufika takriban mita 4,080, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amefika kabla yake.

Alipokuwa akishuka aliteleza na kuporomoka kama mita 60, akigongwagongwa na mawe, hadi aliponaswa karibu na ukingo wa genge kubwa. Alikuwa na majeraha zaidi ya 20, na damu ilikuwa ikimtiririka kichwani. Aliziba jeraha kwa theluji, akajikokota hadi Breuil. Siku nne baadaye alikuwa mlimani tena.

Jaribio hilo la nne lilikatizwa na hali mbaya ya hewa. Katika la tano alikwenda na Luc Meynet, mpagazi mwenye kibyongo ambaye Whymper alimheshimu sana kwa moyo wake wa ustahimilivu. Walipita kidogo alama ya awali, kisha wakakwama kwa kukosa ngazi. Siku chache baadaye mwanasayansi John Tyndall alipanda hadi takriban mita 4,240 kwenye bega la mlima, naye pia akashindwa kusonga mbele.

Mwaka 1863 Whymper alirudi na ngazi, akiwa pamoja na Carrel, lakini dhoruba ikawazuia. Mwaka 1864 alikuwa amepanga safari nyingine, ila barua ya kikazi kutoka London ikamlazimu kurudi nyumbani kabla hajaugusa mlima.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Whymper alikubali kwa maandishi. Hata hivyo, faida ya orodha yake haikuwa unyenyekevu pekee. Orodha ilimwonyesha jambo ambalo mtu anayesahau makosa yake hawezi kuliona: safari zake zote saba za kwanza alizipitisha katika mgongo uleule wa kusini magharibi, na zilikomea katika sehemu zinazokaribiana.

Alianza kujiuliza kama kosa lilikuwa la miguu au la njia. Alichunguza jinsi matabaka ya miamba yalivyolala, akagundua kwamba upande wa Italia yaliinamia nje, hivi kwamba mawe yake yalikuwa kama vigae vya paa, vigumu kushika na rahisi kutelezesha mguu. Ikiwa ndivyo, basi upande wa pili matabaka hayo yangeinamia ndani na kuwa kama ngazi.

Aidha, alitambua kwamba ukuta wa mashariki, ambao ukitazamwa kutoka kijiji cha Zermatt huonekana kama umesimama wima, ukitazamwa kwa ubavu una mwinamo wa nyuzi 40 hivi. Watu walikuwa wameuogopa kwa kuutazama kutoka mahali pamoja. Ndugu wa familia ya Parker kutoka Uingereza walikuwa wamejaribu upande huo bila waelekezi mwaka 1860, lakini hawakufika mbali na ni wachache waliofuata nyayo zao.

Mashindano ya Julai

Msimu wa 1865 ulikuwa wa fanaka kubwa kwa Whymper. Katika muda wa wiki tatu hivi alikuwa wa kwanza kufika juu ya Grand Cornier, kilele kimoja cha Grandes Jorasses, Aiguille Verte na La Ruinette. Jaribio lake la nane la Matterhorn, Juni 21, lilikwenda kombo katika korongo la upande mwingine, ambako mawe yaliyokuwa yakiporomoka yaliwafanya watimue mbio kujificha.

Mwelekezi wake mahiri, Michel Croz wa eneo la Chamonix, ilimbidi aondoke kwa kuwa alikuwa na miadi na mwajiri mwingine. Christian Almer, mwelekezi mwingine mwenye sifa, alikuwa tayari kwenda mlima wowote isipokuwa huo.

Whymper alipofika Breuil mwezi Julai alipata habari za kumvunja moyo. Carrel alikuwa ameajiriwa kwa siri na Mtaliano Felice Giordano, kwa niaba ya wakwezi wa Italia waliotaka heshima ya kilele hicho iwe ya taifa lao. Julai 11 kundi la Carrel lilikuwa tayari limeanza kupanda.

Kwa bahati, kijana mmoja wa ukoo wa kitajiri wa Scotland, Lord Francis Douglas, aliyekuwa na umri wa miaka 18, aliwasili kijijini humo. Wawili hao walivuka mpaka hadi Zermatt na kumwajiri mwelekezi Peter Taugwalder pamoja na mwanawe aliyeitwa pia Peter. Hotelini walimkuta Croz, ambaye sasa alikuwa na kasisi Charles Hudson, mmoja wa wakwezi bora wa Uingereza. Hudson naye alikuwa na nia ya kuukwea mlima uohuo. Wakakubaliana kuungana.

Hapo ndipo lilipofanywa kosa ambalo huenda ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Hudson alikuwa ameandamana na kijana wa miaka 19, Douglas Hadow, ambaye huo ulikuwa msimu wake wa kwanza katika Alps. Whymper aliuliza kuhusu rekodi yake. Akaelezwa kwamba Hadow alikuwa amekwea Mont Blanc kwa muda mfupi kuliko watu wengi. Baada ya maswali machache, akaridhika.

Takwimu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikujibu swali lililofaa. Kuikwea Mont Blanc kwa haraka huonyesha kwamba mtu ana pumzi na miguu yenye nguvu, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia yake ni theluji. Hakuonyeshi iwapo anaweza kuweka mguu wake mahali salama kwenye mwamba mkali anaposhuka akiwa amechoka. Mtu aliyekuwa amehesabu kushindwa kwake kwa uangalifu mkubwa aliipokea hesabu ya mwenzake bila kuipima.

Kilele na chupa

Walianza safari Julai 13 alfajiri, anga ikiwa safi. Walishangaa kuona jinsi ukuta wa mashariki ulivyokuwa rahisi, wakapiga hema katika urefu wa takriban mita 3,350 kabla ya jua kutua. Kesho yake waliendelea hadi sehemu ngumu karibu na kilele, ambako Hadow alihitaji kusaidiwa kila mara.

Ilipotimia saa saba na dakika 40 mchana, Julai 14, 1865, Croz na Whymper walitimua mbio juu ya theluji na kufika kileleni. Hapakuwa na alama ya mguu wa mtu. Walipochungulia upande wa Italia waliwaona Carrel na wenzake mbali chini. Walipiga kelele na kuporomosha mawe ili waonekane, na Waitaliano wakageuka kurudi. Croz alisimika mti wa hema na kufunga juu yake shati lake liwe bendera.

Walikaa huko kwa saa moja. Walipokuwa wakijipanga kushuka, Whymper alikuwa bado anachora kilele. Mtu mmoja akakumbuka kwamba hawakuwa wameacha majina yao kwenye chupa, kama ilivyokuwa desturi ya kuthibitisha ushindi. Whymper akaombwa ayaandike, na wenzake wakatangulia wakiwa wameshafungana kamba.

Croz alikuwa mbele, akifuatwa na Hadow, Hudson, Douglas, kisha Taugwalder mzee. Whymper na Taugwalder mdogo waliwafikia na baadaye wakajifunga nyuma yao. Msafara huo ulikuwa na kamba za aina tatu. Mbili zilikuwa imara. Ya tatu ilikuwa nyembamba na kuukuu, iliyobebwa ili iachwe kwenye miamba ikibidi. Kamba hiyo dhaifu ndiyo iliyokuwa imefungwa kati ya Douglas na Taugwalder mzee.

Saa tisa hivi alasiri, Hadow aliteleza na kumgonga Croz, aliyekuwa akimsaidia kuweka miguu yake mahali pake. Wote wawili wakaanguka na kumvuta Hudson, kisha Douglas. Taugwalder na Whymper walishika mwamba kwa nguvu zao zote. Kamba ikakatika katikati ya Douglas na Taugwalder, na watu wanne wakatumbukia kiasi cha mita 1,200 hadi kwenye barafu iliyo chini ya mlima.

Waliosalia walibaki wameganda kwa karibu nusu saa bila kuweza kupiga hatua. Walilala usiku huo juu ya jabali jembamba na kufika Zermatt asubuhi ya Julai 15. Miili mitatu ilipatikana. Ule wa Douglas haujawahi kuonekana.

Siku mbili baadaye, Julai 17, Carrel na Jean-Baptiste Bich walifika kileleni kupitia upande wa Italia, ule ambao Whymper alishindwa nao mara saba.

Kivuli cha kamba

Uchunguzi ulifanyika Zermatt, na Taugwalder mzee akaondolewa lawama. Hata hivyo, minong'ono kwamba aliikata kamba ili kujiokoa ilimwandama maisha yake yote. Whymper alikanusha kwamba kamba ilikatwa, lakini maandishi yake kuhusu kwa nini kamba dhaifu ilitumika hapo yalimwachia mwelekezi huyo mzigo wa shaka. Ni vigumu kusema kwamba alimtendea haki kikamilifu, ikizingatiwa kuwa yeye mwenyewe hakuikagua kamba hiyo kabla ya kushuka.

Magazeti ya London yalishutumu mchezo uliogharimu maisha ya vijana wa tabaka la juu. Whymper, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa ametimiza azma yake na wakati huohuo kupata jeraha lisilopona. Hakurudi tena kusaka vilele vikubwa vipya katika Alps, ingawa aliukwea tena Matterhorn mwaka 1874, safari hii akiwa na Carrel.

Alielekeza nguvu zake kwingine. Alisafiri Greenland mwaka 1867 na 1872. Mwishoni mwa 1879 alifika Ecuador akiwa na Carrel na binamuye Carrel, Louis, kwa lengo la kuchunguza jinsi hewa nyepesi inavyomdhuru binadamu. Katika kambi iliyokuwa karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, yeye na akina Carrel waliangushwa na maumivu ya kichwa, homa na kukosa pumzi. Aliyaandika hayo yote, pamoja na jinsi yalivyopungua mwili ulipozoea.

Januari 4, 1880, walikuwa wa kwanza kufika juu ya Chimborazo, mlima wenye zaidi ya mita 6,200 ambao ulimshinda mtaalamu Alexander von Humboldt mwaka 1802. Mwezi uliofuata walipiga hema juu ya volkeno ya Cotopaxi na kulala huko. Waliongeza vilele vingine, vikiwemo Antisana na Cayambe. Katika Illiniza, akina Carrel walifika juu bila yeye, na majaribio yake mwenyewe yakashindikana. Hilo nalo aliliandika.

Baadhi ya watu walipotilia shaka ushindi wa Chimborazo, hakubishana. Alirudi akaukwea tena Julai 3, 1880, akiandamana na wananchi wawili wa Ecuador, David Beltrán na Francisco Campaña, wawe mashahidi. Tofauti na Matterhorn, msafara huo wa Ecuador wote ulirudi salama.

Machweo

Mwaka 1892 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunuku nishani kwa kazi yake ya Andes. Carrel hakuishi kuona heshima hiyo. Alikufa Agosti 1890 chini ya Matterhorn kwa uchovu, baada ya kumvusha mteja wake salama kutoka kwenye dhoruba kali. Kwa watu wa bonde lake, hilo lilihesabiwa kuwa jambo kuu kuliko vilele vyake vyote.

Sifa za waelekezi wa Alps zilivuka bahari na kufika hadi Kenya. Halford Mackinder alipofika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, Septemba 13, 1899, alikuwa na César Ollier na Joseph Brocherel wa Courmayeur. Nao walifanikiwa baada ya kurudishwa nyuma na mlima.

Whymper alizeeka akiwa mtu mpweke na mkali wa maneno. Alioa mwaka 1906 akiwa na miaka 65 na kupata binti mmoja, lakini ndoa haikudumu. Septemba 1911 aliugua akiwa Chamonix, akajifungia katika chumba chake cha hoteli na kukataa kutibiwa. Alifariki Septemba 16 na kuzikwa katika mji huo, ambao ndio pia uliomkuza Croz.

Tangu 1865, zaidi ya watu 500 wamepoteza maisha katika Matterhorn, wengi wao wakiwa njiani kushuka. Wakwezi na watembeaji milimani wa leo huhifadhi hesabu za vilele walivyofikia, muda waliotumia na mara walizofanikiwa, na si vibaya. Mpanda ngazi hushuka, na hesabu inayoishia kileleni huwa imeacha nusu ya safari.

Katika makumbusho ya Zermatt kumehifadhiwa kipande cha kamba iliyokatika. Ni nyembamba kiasi kwamba wageni wengi huuliza ni nani aliyeweza kuiamini. Jibu ni kwamba hakuna aliyeikagua, kwa kuwa mtu aliyezoea kukagua kila kitu alikuwa wakati huo akiandika majina ya washindi.